Tundu Katika Ramani ya Novatus

Ramani ilifika Songambele siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, Ma Kokubanza akiwa anageuza kahawa yake kwenye turubai. Ilitokea upande wa barabara, ikapita juu ya paa la jiko bila kuligusa, ikatua taratibu juu ya kibanja, lile shamba la migomba linalozunguka nyumba, ikaenea kuanzia migomba ya nyuma ya jiko hadi karibu na choo. Ilikuwa wavu wa bluu wenye macho madogo kama ya chandarua cha zahanati, ila huu ulikuwa mgumu, na haukuwa umenyooka. Ulijikunja na kujiviringisha kama utumbo wa mbuzi kwenye beseni.

Ma Kokubanza alisogeza turubai kwenye jua, maana wavu ulikuwa unatia kivuli, akaendelea kugeuza kahawa mpaka akamaliza. Kisha alinawa mikono akaenda kuutazama. Pembeni, kwa chini, palikuwa na maandishi kama yale ya kwenye magunia ya chama cha ushirika: herufi na tarakimu nne, halafu jina la mwanae wa kwanza.

Alipiga simu Morogoro.

"Novatus, mzigo wako umefika."

"Shikamoo mama. Mzigo gani?"

"Marahaba. Wa bluu. Umekaa juu ya migomba. Una jina lako."

Mama yake alisikia mlango ukifungwa kule Morogoro.

"Una tundu katikati?" aliuliza Novatus.

"Linalo. Naliona kutoka hapa niliposimama. Kubwa tu."

"Nakuja," alisema Novatus.

Dokta Novatus Melkiory ni mtaalamu wa fuwele. Kwa wasioijua kazi hiyo, maelezo yake si marefu. Ndani ya kila kitu chenye uhai mna protini, nazo ni kama mashine ndogo mno zinazofanya kazi zote. Mtaalamu huchukua protini moja, akaibembeleza igande kuwa fuwele kama chumvi inavyoganda chini ya sufuria, akaipiga kwa eksirei, na kutokana na namna mionzi inavyotawanyika akapiga hesabu za ramani. Ramani hiyo ni wingu la elektroni: pale penye kitu wingu ni zito, pale pasipo na kitu hamna wingu. Baada ya hapo mtu hukaa kwenye kompyuta akajenga kielelezo ndani ya wingu, atomu hii hapa, ile pale. Ramani ndiyo iliyoonekana. Kielelezo ni neno la mtu kuhusu alichokiona.

Vyote viwili hupelekwa kwenye hazina ya kimataifa ili yeyote mwenye mashaka avichukue na kuvilinganisha. Lakini miaka ile Novatus alipopeleka cha kwake, hazina aliyoitumia ilidai kielelezo tu. Ramani ilikuwa hiari, na yeye hakuipeleka.

Alikuwa na sababu. Alikuwa amehangaika miaka minne na protini ya kimelea cha unyanjano, ule ugonjwa unaonyausha migomba ikiwa imesimama na ndizi zake mkononi. Mashine hiyo ya kimelea ilikuwa na tundu, na Novatus aliamini kwamba molekuli fulani ya utomvu wa mti wa porini ingeingia humo na kuikwamisha, kama kokoto kwenye mashine ya kusaga mahindi. Aliitumbukiza fuwele kwenye utomvu, akaipiga eksirei, ramani ikaja. Ndani ya tundu mlikuwa na maji tu. Alikaa siku tatu akiitazama. Siku ya nne alichukua molekuli kwa mkono wake mwenyewe, pete mbili na mkia, akaiketisha ndani ya tundu lile vizuri kabisa, akahifadhi. Hakukusudia ubaya. Alikusudia kumaliza masomo.

Hakuna aliyeomba kuiona ramani. Makala ilisifiwa, Novatus akapata shahada na kazi, na kampuni moja ikatengeneza dawa ya kupulizia kwa kufuata kielelezo chake. Dawa ilikuja kwenye kopo la kijani. Ilienda Uganda, ikaenda Burundi, na misimu mitatu iliyopita ikaingia huku kwetu Kyerwa.

Kabla ya kopo la kijani, watu wa huku walipambana na unyanjano kwa mikono. Walikata ua dume kwa mti wenye panda, waling'oa shina linaloumwa wakalifukia, walichoma panga kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine. Kazi hiyo inavunja mgongo, lakini migomba ilikuwepo. Karatasi ya kwenye kopo ilisema pulizia, using'oe. Basi watu wakaacha kung'oa.

Novatus alisafiri siku mbili kwa basi, akashuka Songambele Alhamisi mchana. Alikuta wavu umeshazoeleka. Mama yake alikuwa ameanika kitenge na mashuka mawili kwenye mkunjo wa chini, na kuku walikuwa wamejitafutia mahali pa kulala kwenye bonge moja karibu na jiko. Mtendaji wa kijiji, Nolasco, mtu wa Muleba anayependa kila kitu kiandikwe, alikuwa ameshafika Jumanne ileile na daftari lake la wageni. Aliandika: Ramani moja. Mwenyeji, Deodatha Kokubanza. Muda wa kukaa, haujulikani. Kisha alipima kwa hatua, akakuta wavu umevuka mpaka hatua tatu na kuingia kwa jirani, Eustadia, akamwita Eustadia kumuuliza kama ana malalamiko. Eustadia alisema hana. Wavu ulikuwa unampa kivuli kwenye miche yake ya kahawa.

Jioni hiyo, jua likiwa bado liko juu ya kilima, walikaa wanne chini ya wavu: Novatus, mama yake, Nolasco na Eustadia. Ma Kokubanza alipitisha kibakuli cha kahawa za kutafuna. Waliulizana habari za safari, za Morogoro, za mvua. Novatus alijibu yote huku akijitahidi asitazame juu.

Nolasco ndiye aliyetazama juu.

"Dokta," alisema, "hizi sehemu nyingine zote zina wavu. Pale katikati mbona hamna?"

"Pale ndipo dawa inapokaa," alisema Novatus. "Molekuli ya dawa."

"Sasa iko wapi?"

"Ni ndogo sana."

Nolasco alitafuna kahawa yake taratibu. "Ndogo kuliko hivi vingine?"

"Zinalingana."

"Hivi vingine tunaviona."

"Ndiyo," alisema Novatus.

Nolasco hakuwa na nia mbaya. Alichukua kalamu akaandika kwenye daftari: Tundu moja, halina kitu. Aliandika vilevile kama ambavyo angeandika kwamba nyumba ina dirisha lisilo na wavu, kisha akaomba kibakuli tena.

Eustadia ni mjane. Kibanja chake kilichopakana na cha Ma Kokubanza ndicho kilicholisha harusi za binti zake watatu, na bado mikungu ikabaki ya kugawia majirani. Alipulizia dawa ya kopo la kijani kwa misimu miwili kama karatasi ilivyosema, na hakung'oa. Sasa alikuwa na mashina saba. Mengine yote yalikuwa yamekauka yakalala chini, na mahali pake aliotesha mihogo, ambayo mwanamke wa Kyerwa haoteshi karibu na nyumba kwa hiari yake.

"Mwanangu Novatus," alisema, "mimi nilitaka kukuuliza jambo moja tu, maana wewe ndiye mwenye dawa. Vifuniko ni viwili kwa pampu moja, au vitatu?"

"Viwili, mama."

"Mimi niliweka viwili. Lakini siku nyingine mkono ulikuwa unatetemeka, labda kilimwagika. Nimewaza sana. Naona mimi ndiye niliyekosea kipimo, nikaiua migomba yangu mwenyewe."

Alisema hivyo bila kulia, kama mtu aliyekwisha kulimaliza suala hilo na nafsi yake. Novatus alikuwa na kahawa mdomoni, akashindwa kuitafuna wala kuitema. Alichotakiwa kusema kilikuwa kifupi: hukukosea, mama. Maneno mawili. Aliyahesabu kabisa. Kisha akasema kwamba hali ya hewa nayo huchangia.

"Ee, hali ya hewa," alisema Eustadia, akamshukuru.

Kesho yake asubuhi Novatus alimkuta mama yake jikoni akimenya ndizi, akachukua kisu cha pili akakaa naye. Walimenya kichana kizima. Halafu akamweleza yote. Alimwambia kuhusu siku tatu na siku ya nne, pete mbili na mkia, diski aliyoifungia kwenye droo, na jinsi droo hiyo ilivyomnyima usingizi kwa miaka tisa. Alimwambia kwamba hazina sasa imebadili utaratibu na imeandikia watu wote wa zamani: leteni ramani zenu kabla ya tarehe thelathini na moja Julai, la sivyo kielelezo kitawekewa alama kwamba hakina ushahidi. Alipoisoma barua hiyo alifungua droo, akakuta diski iko tupu. Ramani ilikuwa imeshaondoka kuja kwao.

"Nikiipeleka kama ilivyo," alisema, "kila mtu ataona tundu ni tupu. Dawa itaondolewa. Kazi yangu itakwisha. Na mama Eustadia atajua kwamba kipimo chake kilikuwa sawa."

"Na usipoipeleka?"

"Wataanza kuulizana kwa nini sikuipeleka."

"Umeungama?"

"Bado."

Ma Kokubanza alitia ndizi kwenye maji. Alikuwa mwanamke wa sitini na nane, mweka hazina wa jumuiya yake ya kanisani, na katika maisha yake yote hakuna mtu Songambele aliyewahi kumshika kwa uongo, hata ule mdogo wa kumficha mgeni kwamba chakula kimekwisha.

"Kwa hiyo," alisema, "ulipeleka kikapu kwa watu ukawaambia kina kitu, kumbe hakina."

"Ndiyo, mama."

"Na kikapu chenyewe kimerudi hapa kwetu."

"Ndiyo."

"Basi kazi si kubwa."

Huku kwetu kikapu hakirudishwi kitupu. Jirani akikuletea maharage mabichi kwenye kikapu, kikapu chake kinarudi na viazi, au nyanya chungu, au hata chumvi kidogo iliyofungwa kwenye jani. Mwenye kurudisha kikapu kitupu hasemwi, lakini anajulikana. Ma Kokubanza alikuwa hajawahi kufanya hivyo, na hakuona kwa nini aanze na kikapu cha mtoto wake.

"Mama, sikiliza," alisema Novatus. "Kosa si kwamba tundu ni tupu. Tupu ndiyo kweli yenyewe. Kosa ni kwamba nilisema mna kitu."

"Nimesikia," alisema mama yake, kwa sauti ile ya mtu ambaye tayari anawaza ngazi iko wapi.

Hapo Novatus alipaswa kukomaa naye. Hakukomaa. Tangu miaka tisa hiyo ianze, hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba kazi si kubwa, na maneno hayo yalimwingia kama uji wa moto kwa mtu mwenye homa. Aliendelea kumenya ndizi. Aibu ilikuwepo palepale, ila sasa ilikuwa imepata mahali pa kukaa.

Jumamosi watu walikuja na vitu. Hakuna aliyeitwa, lakini Ma Kokubanza alikuwa amesema mbele ya wanajumuiya kwamba chombo cha Novatus kimerudi na kinatakiwa kwenda tena, na hilo lilitosha. Ngazi ya kuezekea iliegemezwa kwenye wavu. Novatus aliweka kompyuta yake juu ya kinu kilichofunikwa, akaiunganisha kwa waya na pindo la wavu, na kwa simu na mtandao, kwa sababu alitaka kuona. Alijiambia kwamba anaangalia tu.

Walianza na gunia la kahawa. Liliingia kwenye tundu, likakaa kwa muda wa kusema Salamu Maria moja, likapenya na kuanguka chini. Kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, kilianguka vilevile, kikapokewa kwa mikono. Kigoda kilianguka. Beseni la senene wakavu, wa msimu uliopita, lilimwagika, na kuku wakashukuru. Mbuzi aliwekwa, akaangalia huku na huku, akatoka mwenyewe kwa upande wa nyuma. Nolasco alipanda na kiti cha ofisi ya kijiji, baada ya kuandika kwamba kinaazimwa, na kiti nacho kikakataliwa.

Kwenye kompyuta namba haikusogea. Namba hiyo hupima jinsi kielelezo kinavyolingana na ramani mahali fulani: ikikaribia moja, kilichoandikwa ndicho kilichopo. Kwenye tundu ilisoma sifuri nukta mbili, kama ilivyokuwa ikisoma miaka yote.

Mchana Eustadia alivuka mpaka akiwa na mkungu kichwani. Novatus aliuona kwa mbali, akajua umetoka wapi. Mkungu ulikuwa bado haujakomaa sawasawa.

"Mama Eustadia, usingekata," alisema.

"Nimeshakata, waitu. Wewe umetuhangaikia sisi, na sisi tusikuhangaikie?"

Alipanda ngazi mwenyewe, hakukubali kusaidiwa, akauweka mkungu tunduni kwa mikono miwili, kama anavyolazwa mtoto. Ulikaa kwa muda mrefu kuliko vitu vingine. Kisha ukapenya, ukaanguka juu ya jiwe la kunolea panga, vichana vitatu vikavunjika. Eustadia alishuka akaokota ndizi moja moja, akasema zitapikwa, hazijapotea. Zilipikwa na maharage, watu wote wakala. Novatus naye alipewa sahani, akala, kwa sababu kukataa kungehitaji maelezo. Alimaliza sahani.

Saa tisa, vyombo vikiwa vimeoshwa, Ma Kokubanza alikaza kanga yake kiunoni na kupanda ngazi.

Aliingia tunduni akakaa kama anavyokaa akisuka mkeka, miguu imekunjwa upande mmoja, mgongo umeinamia kushoto kidogo kwa ajili ya nyonga yake inayouma. Wavu ulisubiri. Kisha ulianza kumfuata, jicho kwa jicho, kuanzia vidole vya miguu, ukapanda magotini, ukazunguka mapaja, mabega, kichwa kilichofungwa kilemba, hadi ukamfunika wote bila kumbana. Alionekana vizuri kupitia kwenye macho ya wavu. Alikuwa anajiweka sawa kilemba.

"Amekaa," alisema Nolasco, akaandika.

Novatus aliangalia kompyuta. Ndani ya tundu, mahali palipokuwa na maji tu kwa miaka tisa, palikuwa na wingu zito. Lilikuwa na pete mbili na mkia. Mkia ulikuwa umepinda kushoto, vilevile kama alivyoupinda yeye siku ile ya nne. Namba ilisoma sifuri nukta tisa nne. Alilizungusha wingu, akalitazama kwa juu, kwa chini, kwa ubavuni. Katika kazi yake yote alikuwa hajawahi kuona ulinganifu mzuri namna ile.

Alijua la kufanya. Alitakiwa kusema, mama, shuka. Alifungua mdomo.

"Unaumia?" aliuliza.

"Hapana," alisema mama yake kutoka juu. "Kuna joto zuri. Tuma."

Akatuma. Mtandao wa Songambele si wa kutegemea, lakini siku hiyo ulikwenda moja kwa moja, bila kukwama hata mara moja. Watu walipiga makofi kidogo. Eustadia alimshika mkono kwa mikono yake miwili akasema, "Hongera, waitu." Novatus alitamani mtu yeyote, hata mmoja, amuulize swali gumu. Nolasco alikuwa ameshafunga daftari.

Jibu la hazina lilikuja Jumanne. Lilisema ramani imepokelewa na kukaguliwa, kwamba molekuli inaonekana dhahiri ndani ya tundu, na kwamba wanamshukuru Dokta Melkiory kwa uwazi wake. Novatus, akiwa amesimama chini ya ngazi, alimsomea mama yake, ambaye tangu Jumamosi alikuwa akishuka kwenda choo tu.

"Basi kazi imekwisha," alisema Ma Kokubanza. "Nashuka, nikageuze kahawa."

Alishuka. Nusu saa baadaye simu ya Novatus ililia. Ulikuwa ujumbe kutoka hazina, ulioandikwa kwa adabu, kwamba ramani iliyopokelewa imeonyesha badiliko, tundu linasoma tupu, na je, mwenye ramani ana maelezo. Novatus alienda kwenye turubai akamwonyesha mama yake ile simu, ingawa mama yake hasomi Kiingereza. Ma Kokubanza alimwangalia usoni, si kwenye simu. Alikung'uta mikono, akarudi kwenye ngazi. Ujumbe wa pili ulikuja muda mfupi baadaye, ukiomba radhi kwa usumbufu.

Tangu hapo utaratibu ulijiweka wenyewe. Ma Kokubanza aliweza kushuka kwa dakika ishirini: kwenda choo, kuoga, kunyoosha miguu. Zaidi ya hapo, hapana. Chakula kilipandishwa kwenye sahani yenye mfuniko. Jumuiya ilihamishia sala zake za Alhamisi chini ya wavu, na padri alipopita alipanda ngazi kumpa komunyo. Padri alisema ngazi inahitaji kuongezewa msumari. Majirani waligeuza kahawa kwa zamu mpaka ikakauka, wakaipeleka chama cha ushirika kwa jina lake. Nolasco alifungua ukurasa mpya akaandika: Tundu moja, lina mtu.

Kampuni ya kopo la kijani nayo ilipata habari. Iliandika kwenye karatasi mpya ya dawa kwamba sasa kuna ushahidi kamili wa jinsi inavyofanya kazi, na makopo yakaanza kupelekwa Kibingo, na ng'ambo hadi Nyakakika, kwa watu ambao walikuwa bado wanang'oa mashina na kuchoma mapanga. Waliposoma karatasi, waliacha. Novatus aliombwa ahutubie kwenye semina moja mjini. Alikataa kwa sababu ya afya ya mama yake, na hiyo ilikuwa karibu na kweli.

Kila asubuhi alikuwa akiamka na kusema moyoni kwamba leo atamshusha. Atamshusha, ataacha simu ilie, atajibu: maelezo ni kwamba mlikuwa na maji. Kisha alipanda ngazi na chai, akamkuta mama yake ameshanawa uso kwa umande uliokusanyika kwenye wavu, akaulizwa amelalaje, akajibu vizuri, akashuka na kikombe kitupu. Ilipofika mwisho wa Agosti chuo kikamwita. Wanafunzi walikuwa wanamsubiri awafundishe namna ya kusoma ramani.

Siku ya kuondoka alikuwa juu ya ngazi akimwekea mama yake sweta na kitabu cha nyimbo, Eustadia akaja. Alikuwa amebeba pampu mgongoni na kopo jipya mkononi. Upande wake wa mpaka, mahali alipokuwa amepanda mihogo, alikuwa ameing'oa na kuotesha machipukizi thelathini ya migomba, aliyopewa na ndugu zake wa Kibingo. Ulikuwa uzao wa mwisho anaoweza kupata. Ndugu hao nao walikuwa wamebakiwa na machache.

Alimwamkia Ma Kokubanza, akauliza nyonga inaendeleaje. Kisha akatua pampu chini.

"Da Kokubanza," alisema, "mimi kusoma kwangu ni kwa shida, na karatasi zimeshanichanganya. Wewe sijawahi kukusikia ukisema uongo tangu tuolewe huku. Nina machipukizi yale tu. Ndugu yangu ananiambia nirudie panga na moto kama zamani. Karatasi inaniambia nipulizie. Sasa wewe umekaa humo ndani mwezi mzima. Humo inapokaa dawa, wewe ndiye uliyemo? Ukiniambia ni wewe, nitapulizia."

Ma Kokubanza aligeuza kichwa, na wavu ukageuka naye, akamtazama mwanae aliyekuwa kwenye ngazi, karibu kabisa, kiasi kwamba wangeweza kushikana mikono. Alimtazama kama alivyomtazama akiwa mdogo, amempa nafasi ya kusema mwenyewe kabla hajasema yeye. Novatus alikuwa anakunja sweta ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

"Ndiyo," alisema Ma Kokubanza. "Ni mimi."

"Ahsante, waitu. Nilitaka kusikia kutoka kwako."

Eustadia alifungua kopo, akapima vifuniko viwili polepole, mkono wa kulia ukishikiliwa na wa kushoto usitetemeke, akamimina kwenye pampu. Akaibeba, akavuka mpaka, akaanza na chipukizi la kwanza.